Neti mbili, bei mbili: nilivyochagua kabla ya kupasuliwa ngiri

Uvimbe ulinianza kinenani upande wa kulia, kama yai la kuku, ukirudi ndani kila nikilala chali. Nilimficha mke wangu karibu miaka miwili. Usiniige.

Siku nilipokwenda kumwona daktari wa upasuaji, alisema uvimbe ule ni ngiri, yaani utumbo unaochomoza mahali ukuta wa tumbo ulipolegea, na atanishonea neti ya kupaimarisha. Nikawaza chandarua. Akatoa kipande cheupe chenye ukubwa wa kiganja, akakinyoosha mwangani nikaona vitundu vyake. Ziko mbili, akasema: ya kawaida, na hii nyepesi, ghali zaidi. Nikaomba wiki moja ya kufikiri.

Wiki hiyo nilisoma mwongozo wa kimataifa wa ngiri ya kinena, ule wa 2018 ulioandaliwa na kundi la mabingwa la HerniaSurge. Unasema neti nyepesi huenda ikapunguza maumivu kidogo siku za mwanzo, ila baadaye haiishindi ile ya kawaida katika kuzuia ngiri kurudi au maumivu sugu. Uzito peke yake usiwe kigezo cha kuchagua. Pesa yangu ikabaki mfukoni.

Jambo lililonivutia zaidi ni jinsi miongozo hii inavyowapangia watafiti maswali. Mwongozo wa Ulaya wa 2009 ulikuwa umeshapendekeza neti kwa watu wazima. Mwongozo ukishasema hivyo, mtafiti anayetaka kumshona mgonjwa kwa uzi mtupu, bila neti, ana kazi ya kujieleza mbele ya kamati ya maadili. Swali linageuka: neti ipi, na nani ataimudu? Huku kwetu hilo la pili ndilo lenye uzito. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa neti ya kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua, cha bei nafuu, kilichotakaswa kwa joto. Matokeo yalitoka 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. (Tafadhali, hicho si chandarua chako cha kitandani chenye dawa!)

Kwa hiyo ukisikia "utafiti unaonyesha", uliza ulilinganisha nini na nini, na nani aliulipia. Mwenye kiwanda cha neti nyepesi ana hamu ya kuiona ikishinda. Muulize daktari pia ameshafanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi. Mimi niliona haya kuuliza, nikauliza hivyo hivyo, wala hakukasirika. Na kama wewe ni mwanaume na ngiri haikusumbui, mwongozo huohuo unaruhusu kusubiri ukiwa chini ya uangalizi, ingawa wengi huishia kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya maumivu.

Nilipasuliwa asubuhi kwa ganzi ya sehemu, jioni nikala nyumbani. Kabla ya kutoka niliomba stika ya pakiti ya neti ibandikwe kwenye daftari langu la kliniki, ili baadaye ijulikane niliwekewa neti ipi. Nesi alishangaa kidogo, akaibandika ukurasa wa mwisho, juu ya namba ya simu ya mke wangu.