Nyuzi za udi, jasho na waya wa breki

*Nyuzi nene za udi wangu nimezinunua juzi tu, na zimeshakufa sauti. Nimeuziwa feki?* (Michenzani)

Huenda si feki. Suali hili naletewa kila mara, na kila mara nauliza: unazipangusa ukimaliza kupiga? Uzi mnene ni nyuzinyuzi za nailoni zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha. Ukiupiga, mizunguko ya ule waya husuguana kidogo tu, nao unalia kwa muda mrefu. Jasho, mafuta ya vidole na chumvi ya hewa yetu ya pwani vikishaingia kati ya mizunguko, msuguano unazidi na mtetemo unageuka joto. Zile sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kufa, unabaki na mdundo mzito usio na mng'aro. Ukwaruze kidogo kwa ukucha pale unapokanyaga kwa vidole: ukiona kijani, ule uzi umekwisha. Kitambaa kikavu cha pamba, kila ukimaliza, kabla udi haujarudi kwenye mfuko. Na msiache udi barazani usiku.

*Nikizichemsha?* (Wete)

Uchafu unatoka, kutu haitoki.

*Nyuzi za udi ghali. Naweza kutia waya wa breki ya baskeli, au nyuzi za chuma za gitaa?* (Chake Chake)

Hapana! Chuma hupoteza nguvu kidogo sana ndani yake, ndiyo maana hulia sana, lakini huhitaji kukazwa mno. Udi umejengwa kwa mvuto mdogo. Kile kijiti kinachoshika nyuzi kitang'oka pamoja na kipande cha ubao wa mbele. Fundi wa kuurudisha ni ghali kuliko seti nzima ya nyuzi. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Hata ukikaza, hautolia.

*Nimesoma kuhusu aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake. Si itafaa kwa nyuzi?* (Mwanakwerekwe)

Aloi hiyo iligunduliwa Marekani mwaka 1959, na sifa yake kubwa mojawapo ni kumeza mtetemo. Wahandisi wa majengo wanaitaka kwa ajili ya matetemeko ya ardhi. Mpiga udi anataka kinyume chake.

*Vile vidude mfano wa dambeli kwenye nyaya kubwa za umeme ni vya radi?* (Fumba)

Si vya radi. Upepo mtulivu hutetemesha waya mpaka unachoka na kukatika pale unaposhikwa. Mmarekani George Stockbridge alibuni kidude hicho miaka ya 1920: kamba fupi ya chuma iliyosokotwa, uzito kila ncha. Uzito ukicheza, nyuzi za kamba husuguana na kuumeza mtetemo. Msuguano ule ule unaoua udi hapa unaokoa waya. Na wazee, watoto wasirushe tiara karibu na nyaya hizo.