Kina cha mto si wingi wa maji

Wengi wakitaka kutabiri mafuriko hukimbilia programu ya kompyuta. Programu haina kosa, ila hula inacholishwa. Anza na rula ya mto, yaani ubao wenye alama za kusomea kina cha maji.

Isimike pale mto uliponyooka na kingo ni imara, sifuri yake ikiwa chini ya kina cha kiangazi kikali kabisa. La sivyo, mwaka wa ukame maji yatashuka chini ya rula na utakosa cha kusoma. Soma asubuhi na jioni, saa zilezile. Maji yakianza kupanda, soma kila saa, usiku pia. Kilele hakingoji ofisi ifunguliwe.

Hapo umepata kina tu. Ili upate wingi, yaani maji yanayopita kila sekunde, gawa upana wa mto vipande 20 hivi, upime kasi katika kila kimoja. Penye maji machache, teremsha mita ya kasi hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye maji marefu, pima kwenye asilimia 20 na 80, uchukue wastani. Zidisha kasi kwa eneo la kipande (upana wake mara kina), kisha jumlisha vyote. Huna mita ya kasi? Achia kijiti kielee umbali uliopimwa, na kasi yake uizidishe kwa 0.85. Rudia mto ukiwa na vina tofauti, uchore grafu ya kina na wingi.

Grafu hiyo huchakaa, na hapa ndipo wengi huteleza. Mafuriko makubwa huchimba sakafu ya mto au huijaza mchanga; mita 1.2 ya leo haibebi maji ya mita 1.2 ya mwaka jana. Pima upya.

Kipimamvua nacho kisafishwe. Jani likiziba tundu nusu, mvua kubwa ya saa moja husomeka kama manyunyu ya kutwa. Milimita 50 juu ya kilomita za mraba 100 ni mita za ujazo milioni 5. Ngapi zitafika mtoni inategemea ardhi ilivyolowa siku zilizotangulia.

Ukame hutabirika kwa urahisi zaidi. Mvua zikikatika, mto hupungua kwa uwiano: ukishuka kutoka mita za ujazo 2.0 kwa sekunde hadi 1.6 ndani ya siku 10, tarajia 1.28 baada ya siku 10 nyingine, kisha 1.02 hivi. Ukishuka haraka kuliko hapo, usiilaumu mbingu bado; fuata mto kwenda juu, ukahesabu pampu.