“A honour” au “an honour” kwenye ufunguzi wa hotuba?

Ni “an honour”. Kinachoamua ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata, si herufi, na h ya “honour” haitamkwi kabisa, sawa na ya “hour”, “honest” na “heir”. Kwa sababu hiyohiyo tunasema “a university”: imeandikwa kwa u, lakini mdomoni inaanza na y, kama yai. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapa kwa kuwa wanaandaa hotuba kwa macho tu. Isome kwa sauti, tena ukiwa umesimama, sikio litakushtua. Neno la kuangalia ni “historic”: wapo wanaosema “an historic”, ila “a historic” ndiyo iliyozoeleka zaidi siku hizi.