Re: Tofali za kuchoma, viungo vinyooke au vipishane?

Mkuu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi kupanga tofali viungo vya wima (mistari ya saruji kati ya tofali) vikiwa vimenyooka toka chini hadi juu, kisa "saruji ndiyo inayoshika". Mzuie mapema.

Panga tofali tatu kavu, moja juu ya nyingine, halafu uvute ya katikati. Inatoka kirahisi. Sasa mtu azikalie, uvute tena: inagoma. Huo ndio msuguano, unakua kadiri uzito wa juu unavyoongezeka. Kanuni za Ulaya, Eurocode 6, huuhesabu kuwa 0.4 ya mgandamizo wa wima, ukijumlisha na mshiko wa saruji yenyewe.

Tofali zikipishana nusu kwa nusu, ufa ukishuka kwenye kiungo cha wima unagonga tofali. Ili uendelee, lazima upasue tofali, au tofali ziteleze kwenye zile sentimita kama 11 zinazolaliana, huku zimebanwa na kozi (mistari ya tofali) zote za juu. Ndiyo maana nyufa nyingi hushuka kama ngazi. Ukinyoosha viungo umeutengenezea ufa barabara.

Mimi naogopa zaidi ile pembetatu ya juu chini ya bati: uzito haupo, msuguano kiduchu. Piga mkanda wa zege na nondo usawa wa linta (juu ya milango na madirisha). Unene nao si mchezo: ukuta wa tofali zima (unene ni urefu wa tofali), ukisukumwa ubavuni, unastahimili karibu mara 4 ya ule wa nusu tofali (unene ni upana wa tofali), siyo mara 2.

Halafu tofali ziloweshwe kwanza. Zikiwa kavu zinanyonya maji yote ya saruji, unabaki na mchanga.