Bendi yenu ya bluzi inataka nyatiti? Punguzeni gita kwanza

Wasee wenye bendi hapa Nairobi huniuliza tunafanyaje bluzi ikae na nyatiti (kile chombo cha nyuzi cha Waluo) na chakacha (ngoma ya Pwani) bila kusikika ni kama redio mbili zimewashwa kwa duka moja. Jibu langu ni fupi: punguzeni gita. Na mi mwenyewe ni mpiga gita, so sisemi hivi kwa raha.

Tuanze na kutuni. Nyatiti iko na nyuzi nane na mzee anayeipiga huzikaza kwa sikio, kufuatana na koo lake siku hiyo, mambo ya piano hayamhusu. Bendi nyingi zinamletea mashine ya kutuni eti akaze mpaka ifike noti ya G, anakaza tu kwa heshima, halafu ile ladha mliyomwitia inapotea yote. Nyinyi ndo mumfuate. Gita ni rahisi kushusha, na bluzi yenyewe inapenda zile noti za katikati ambazo kinanda haina, kwa hivyo ikikaa kando kidogo usiogope. Taa za steji zikiwa moto, tuni tena baada ya nyimbo kadhaa.

Halafu zile baa 12 (vipimo vya mzunguko wa bluzi) na kodi tatu (chords) msizifanye dini. Nyatiti inazunguka pale pale, sasa ukisema ikifika baa ya 5 kila mtu ahame kodi unaivunja mgongo. Mpiga gita Ali Farka Touré wa Mali alikuwa anaweza kukaa kwa kodi moja muda mrefu na hakuna aliyemwambia hiyo si bluzi, tena ile albamu yake na Ry Cooder ya 1994, Talking Timbuktu, ilibeba Grammy.

Kwa mapigo, chakacha ndo rahisi. Inahesabiwa sita, na bluzi ya polepole nayo inagawa kila pigo kwa tatu, so zinakutana zenyewe, mpiga dramu asijifanye mjuaji tu. Benga, ule muziki wa gita wa Waluo, ndo kazi. Besi yake inakimbia, na gita lake lilishajifunza kwa nyatiti kitambo, sikiliza D.O. Misiani na Shirati Jazz utajionea, kwa hivyo ukipiga gita la benga na nyatiti kwa pamoja unapata kitu kimoja mara mbili. Chagua moja iongoze, ile ingine ingojee.

(Na akija mtu kukwambia kuchanganya ni mambo ya juzi, mwambie Wakipsigis walikuwa wanaimba kuhusu mwimbaji Jimmie Rodgers wa Marekani zamani, Hugh Tracey, mtu wa kurekodi muziki wa Afrika, akawarekodi 1950. Wimbo unaitwa Chemirocha, vile walitamka jina lake. Itafute.)

Kitu fundi wa sauti husahau kila shoo: mpiga nyatiti anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu na anagonga nayo chombo. Hiyo ni dramu yake! Maiki moja kwa nyuzi, ingine chini kwa mguu, mnyimeni hiyo ya pili muone vile wimbo unalala.

Pesa mwongee kabla ya mazoezi, sio usiku wa shoo. Mzee akiwa kwa kila wimbo yeye ni memba, alipwe sawa na mpiga besi, na usafiri wa chombo uhesabiwe kando juu nyatiti haiingii matatu ya saa kumi na mbili jioni, hapo ni teksi.