Maswali na Majibu: Programu ya Picha Ikigoma Kufunguka

Umeme ulikatika nikiwa nasafisha picha za pasipoti. Tangu hapo Photoshop inaonyesha picha yake ya mwanzo tu, kisha inapotea. Fundi anataka kupiga windo (Windows) upya. (Mwenye studio, Mwanjelwa, Mbeya)

Pole sana kaka. Mwambie fundi asubiri kwanza. Umeme ukikatika programu ikiwa wazi, faili inayotunza mipangilio yake inaweza kuharibika, na programu ikaanguka kila ikijaribu kuisoma. Ingia folda ya AppData, kisha Roaming, Adobe, na ile ya Adobe Photoshop, nakili folda yenye neno Settings uiweke pembeni, maana akshoni zako (hatua ulizorekodi ili zijirudie zenyewe) zimo humo. Kisha bofya Photoshop, na papo hapo shikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja. Itakuuliza kama ifute mipangilio, kubali. Madirisha yatarudi yalivyokuwa siku ya kwanza, ila picha za wateja haziguswi. Ikigoma bado, sasisha drayva (programu inayoendesha) ya kadi ya picha. Windo iwe hatua ya mwisho kabisa. Inauma mno kuona picha za harusi za watu zikipotea kwa kupiga windo upya, kisa faili moja ndogo. Na kwa radi za masika ya huku, UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) si anasa.

Photoshop yangu inasema "scratch disks are full" (diski za kazi za muda zimejaa) na kujifunga. (Tukuyu)

Diski C imejaa. Fungua programu ukiwa umeshikilia Ctrl na Alt, uchague diski D. Halafu, Photoshop ikiwa imefungwa, ingia folda ya Temp ufute mafaili yanayoanza na "Photoshop Temp". Hubaki humo programu ikizimika ghafla, na hula nafasi kubwa.

GIMP, programu nyingine ya picha, inakwama kwenye fonti ikifunguka. (Mwanafunzi, Kihesa, Iringa)

Mara ya kwanza ingoje tu, inazisoma zote. Ikiwa ni kila siku, punguza fonti ulizopakua.

Lightroom inadai katalogi (faili inayotunza orodha ya picha na marekebisho yake) inatumiwa na programu nyingine, na hakuna nyingine iliyo wazi. (Mpiga picha, Mafinga)

Angalia kwanza kwenye Task Manager kama Lightroom haijabaki ikifanya kazi chinichini, ikiwepo, ifunge. Kisha fungua folda ya katalogi, utafute faili inayoishia na .lrcat.lock, uifute hiyo peke yake. Dada, soma herufi zote kabla hujabonyeza: faili ya .lrcat ndiyo katalogi yenyewe, na ukikuta yenye -wal mwishoni, nayo iache, huenda imebeba kazi ya mwisho uliyofanya.