Borrow na lend, remember na remind: mbona zinachanganya?

Mkuu, umeuliza kwa nini "borrow" na "lend" bado zinakupiga chenga ilhali maana zake umeshazikariri. Nimefundisha watu wazima Kiingereza kwa muda, na swali hili halikosi kwenye kila darasa.

Lawama nyingi naitupia lugha yetu. Sisi tunacheza na mwisho wa kitenzi tu: kopa, kopesha, kumbuka, kumbusha. Mzizi ni uleule. Mwingereza anakuja na neno jingine kabisa: borrow, lend, remember, remind. Halafu kuna "azima", ambayo wengi wetu tunaitumia pande zote mbili: nimeazima kalamu kwake, kaniazima kalamu. Ndipo mtu anasema "Borrow me your pen" bila kusita, kumbe ni "Lend me your pen" au "Can I borrow your pen?" Anayepokea ana-borrow, anayetoa ana-lend, basi.

"Remember me to call him" nayo ni hivyohivyo, iwe "Remind me to call him". Ila usishangae ukikutana na "Remember me to your mother". Hiyo ni Kiingereza safi, cha kizamani kidogo, na maana yake ni nisalimie mama yako.

Ninachowaambia wanafunzi: usiandike neno peke yake daftarini. Liandike na wenzake: borrow something from someone, lend something to someone, remind someone to do something. Kwa staili hiyo utaona pia kwamba "tell me" ni sawa lakini "explain me" si sawa, lazima iwe "explain to me", ingawa kwetu niambie na nieleze zinakwenda sambamba. Na "discuss" haitaki "about".

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iwe ya dharura. Tafuta ile ya wanaojifunza lugha, yenye mifano. Longman, wachapishaji wa kamusi ya aina hiyo, tangu toleo lake la 1978 wanafafanua maneno yote kwa kutumia takriban maneno 2,000 tu ya kawaida, kwa hiyo hutapotelea kwenye ufafanuzi wenyewe. Mifano ndiyo itakayokuokoa kwenye neno kama "sanction". Umezoea kwenye habari kwamba ni vikwazo, halafu unasoma "The board sanctioned the project" unadhani mradi umepigwa stop, kumbe bodi imeuidhinisha.